Fundi wa Kuosha Mchanga

Safari yangu ilisababishwa na chujio. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, serikali ilitujengea chujio la maji kando ya lambo la kijiji chetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Masumbwe. Lilikuwa tangi pana la saruji lisilo na paa, limejazwa kokoto chini na mchanga juu, ili maji ya lambo yapite humo na kutoka yakiwa safi. Wajenzi walipomaliza walituambia halitafunguliwa mpaka kijiji kitoe kijana akajifunze kulitunza. Kamati ikanichagua mimi, Masele, kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na, kama mwenyekiti alivyosema mbele ya watu wote, kwa sababu shambani sikuwa hasara wala faida.

Aliyepinga ni mama yangu. Mafunzo yalikuwa na sehemu mbili: kwanza Shinyanga mjini, kwenye mitambo ya maji, kisha kwenye mgodi mmoja upande wa Geita, kujifunza jinsi maji yaliyokwisha kutumika yanavyosafishwa yakatumika tena. Na nyumbani kwetu neno Geita halikuwa likitamkwa. Kaka yangu Maganga alikwenda huko kutafuta dhahabu wakati mimi bado nachunga ndama, asirudi wala kuleta salamu. Tena kwa kuwa yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, kijiji kizima kilimwita mama Mama Maganga, lamboni, mashineni, kila mahali. Hakupata hata siku moja ya kumsahau.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi njia panda. Nilitegemea anikanye kuhusu dhahabu na wanawake wa mjini, kama wazazi wote. Badala yake akasema, "Ukimwona kaka yako usimgombeze. Mtazame miguu na meno. Kama miguu ni mizima na meno yapo, njoo uniambie tu, inanitosha."

Nikamwitikia. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, na moyoni niliapa kwamba nikimwona nitamrudisha, hata kwa kumfunga kamba.

Hadi Kahama nilipanda lori la pamba, nimekaa juu ya magunia pamoja na jogoo wa mtu mmoja aliyeshuka akamsahau. Nilimrudishia dereva jogoo huyo kwa shingo upande. Kahama nililala kwa mjomba, nikala wali mpaka nikaona haya, na kesho yake nikapanda basi la Shinyanga. Njia nzima ni mbuga tambarare, ng'ombe na vumbi. Nilipouona mji nilishangaa jinsi ulivyo mpana bila kilima hata kimoja cha kuupa kivuli.

Shinyanga nilipokewa na Fundi Shabani, mkuu wa zamu kwenye mitambo, Mzaramo mnene aliyekuja huko ujanani akaoa na kubaki. Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo sikupumua tangu siku ya kwanza. Aliniuliza kama ni kweli kwetu ng'ombe wanakunywa kwanza, halafu watoto, halafu baba mwenye nyumba akibahatika. Nikamjibu kuwa ni kweli, na Mzaramo akija tunamnywesha baada ya mbwa. Akafurahi sana, akanipeleka nyumbani kwake kwa mkewe, Mama Rehema, ambako niliishi mafunzo yote kama mtoto wao.

Maji ya bwawa yalifika kwetu na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyatia shabu, chumvi ya kutuliza tope, iliyoyeyushwa kwenye pipa, na hapo ndipo nilipoanza kushindwa. Nilikoroga kwa nguvu kama napika ugali wa msibani, na tope lililokuwa limeanza kushikana likasambaratika upya. Fundi Shabani alinishika mkono wenye mti wa kukorogea.

"Mtani, tope halifukuzwi," alisema. "Lipe nafasi, litatua lenyewe."

Nilikoroga polepole, na baada ya muda nikaona chembe zikikusanyana, zikawa mabonge mepesi kama maziwa yaliyokatika, zikashuka chini. Juu yakabaki maji meupe. Nilisimama pale nikiyatazama mpaka Fundi akaniuliza kama nimeona malaika. Kisha akanionya kwamba maji meupe si lazima yawe maji salama, ndiyo maana baada ya kuchujwa hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Hilo nimelihubiri tangu siku ile, na bado kuna watu wananibishia.

Kilichonishinda kabisa ni mchanga. Chujio likitumika, tabaka la juu la mchanga huziba kwa uchafu na maji hupungua kasi. Hapo hukwanguliwa, huoshwa, hukaushwa na kurudishwa. Fundi Shabani alikuwa na kipimo chake: alichota mchanga niliouosha, akautia kwenye glasi ya maji safi, akaitikisa. Maji yakichafuka, rudia. Yangu yalichafuka kila mara. Niliosha mpaka vidole vikakunjamana, nikaosha kwa hasira, nikaosha kwa kusali, na glasi ikaendelea kuwa na ukungu. Nilipoondoka Shinyanga alinipa mkono akasema nimeiva kwa shabu na kwa dawa, ila kwa mchanga kijiji chetu kitafute mtu mwingine. Alisema kwa utani, lakini alikuwa anasema kweli, nami nilijua. Mama Rehema alinifungia maandazi ya njiani, akalia, nami nikajifanya nafunga mzigo.

Kutoka Shinyanga nilipanda treni hadi Mwanza, nikavuka ziwa kwa kivuko, kisha lori hadi Geita. Baada ya mbuga zetu, vilima vile vyekundu vyenye miti vilinipendeza. Mgodi niliopelekwa ulikuwa mdogo. Mawe yalisagwa yakaoshwa, na maji yaliyotoka hapo, mazito kama uji, yaliingia kwenye bwawa la kwanza yakatua, yakamwagikia la pili, halafu la tatu, na pampu ikayarudisha kuanza kazi upya. Hayakuwa maji ya kunywa, na walinionya nisiyaguse na kidonda. Lakini nilipenda mpango wenyewe. Kwetu maji yakichafuka tulimwaga, tukafuata mengine mbali zaidi.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, nyuma ya kilima. Niliuliza Maganga wa Masumbwe, nikaonyeshwa mtu aliyechuchumaa kwenye shimo la maji akizungusha karai la kuoshea mchanga wa dhahabu. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeanza mvi. Alinitazama bila kunitambua.

"Wewe ni wa nani?" aliniuliza.

"Wa Mama Maganga," nikasema.

Karai lilisimama mikononi mwake. Nikampa shikamoo, na marahaba yake ilichelewa sana kuja. Kisha akatoka shimoni, akanawa, akanishika mabega, akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi pia nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Kwenye kibanda chake alinipikia ugali na dagaa. Aliuliza habari za ng'ombe, za lambo, za mnyaa wa ua wa kusini. Habari za mama hakuuliza, lakini kila nilipomtaja aliacha kutafuna. Nikamwambia nimeagizwa kumtazama miguu na meno. Akanyoosha miguu, akafungua kinywa kama punda sokoni. Jino moja la mbele halikuwepo.

"Mwambie yote yapo," alisema.

Nilimuuliza kwa nini harudi. Akanikumbusha ngoma ya mwisho kabla hajaondoka, alipokuwa kiongozi wa wachezaji wa upande wetu. Alisimama mbele ya kundi la wapinzani na kutangaza kwamba atakaporudi kutoka Geita, ng'ombe wake watakuwa wengi hata watu watang'oa nyua zao ili wapate kupita. Watu wa kwetu hawasahau maneno yaliyosemwa ngomani. Dhahabu aliipata, aliniambia, mara mbili tatu, na kila mara ilirudi shimoni kutafuta nyingine.

"Nikiingia pale na karai tupu watanicheka mpaka nizeeke," alisema. "Afadhali mama adhani nina mali nimekuwa na kiburi."

Hasira ilinipanda mpaka kooni. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya kweli. Nikakumbuka agizo la mama, nikachukua tonge la ugali nikalimeza pamoja nayo.

Baada ya chakula alirudi shimoni, nami nikakaa kumtazama. Maji yalikuwa shida pale kiangazi, kwa hiyo alikuwa amechimba mashimo matatu yanayoshukiana, tope likatua humo na maji akayarudia, kama mgodini kwetu lakini kwa jembe. Alisugua mchanga kwa kiganja, akauzungusha, akamwaga maji kwa ukingo, akarudia bila pupa yoyote. Alipomaliza aliutupa nyuma yake, kwenye lundo linalolingana na kibanda. Mchanga ule uling'aa. Nikaomba glasi. Nikatia konzi moja na maji aliyokuwa ameyaweka ya kunywa, nikatikisa. Glasi ilibaki nyeupe kama haijaguswa.

"Kaka," nikasema, "hiki ndicho kilichonishinda Shinyanga."

"Nini, mchanga?"

Nikamweleza habari za chujio letu, tabaka la juu na kipimo cha Fundi Shabani. Nikamwambia lina mchanga mwingi kuliko uwezo wangu, na nisipoweza kuuosha chujio litaziba mwezi wa kwanza na watoto watarudia maji ya lambo pamoja na ng'ombe. "Sikuombi urudi nyumbani," nikasema. "Nakuomba unisaidie kazi."

"Mchanga wa hapa umeingiwa na zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu. Usiubebe."

"Sitaki mchanga. Nataka mikono."

Akarudi kuzungusha karai lake. Jumapili zilizofuata nilimtembelea tukazungumza ngoma za zamani na mama akiwa kijana, na sikulirudia jambo lile. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mgodi mzima. Nililiacha litue.

Siku ya kuondoka nilikwenda kwenye lori alfajiri. Nilimkuta Maganga amekwisha kupanda, amekaa nyuma kabisa na karai lake magotini, akitazama upande mwingine.

"Nakuja kuuona huo mchanga wako," alisema. "Nikishauona narudi zangu."

Nikasema sawa. Lori lilipita Nyarugusu, likaingia msituni, likakwama mtoni, tukalisukuma, likakwama tena. Maganga alisukuma kuliko wote na alisema kidogo kuliko wote. Masumbwe tulishuka mchana, tukaingia kwenye banda la chai, na chai yake ikapoa hajaigusa. Alisema tungoje giza. Mimi nikamwambia tupite njia ya lamboni, saa tutakayofika haitakuwa na watu.

Nilikuwa nimekaa mbali muda mrefu nikasahau saa za kwetu. Tulipofika lamboni ilikuwa ndiyo saa ya kuteka maji, na wanawake wa nusu ya kijiji walikuwa pale na madebe yao. Mazungumzo yakakatika. Maganga alisimama, na nikaona mguu wake mmoja umegeuka kurudi tulikotoka.

Mama alikuwa amepiga magoti ukingoni akijaza debe lake kwa kibuyu. Aligeuka kuona kilichonyamazisha watu. Alimtazama kaka yangu kuanzia miguuni, polepole, mpaka mdomoni.

"Mwadila, mayu," Maganga akamwamkia mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtoto.

"Mwadila," mama akaitika. Akamalizia kujaza debe. Hakuuliza ulikuwa wapi, hakuuliza umeleta nini. Alilinyanyua kwa mikono miwili akalisogeza mbele yake. "Shika debe hili. Shingo inaniuma tangu asubuhi."

Kwetu mwanaume mzima habebi maji kichwani. Maganga alinipa karai lake, akainama, akajitwika. Mama akatangulia mikono mitupu, yeye akafuata, mimi nyuma na mzigo wangu, na wanawake wote nyuma yetu. Maji yalimmwagikia usoni na mgongoni kwa kuwa alikuwa amesahau kubeba. Mtu mmoja akacheka. Kisha wote wakacheka, na yeye, ambaye alikimbia kicheko hicho miaka yote ile, akacheka pamoja nao mpaka pengo likaonekana, na debe likazidi kumwagika.

Nilikwenda Shinyanga na Geita kujifunza kusafisha maji, na nilijifunza, nayo kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mpaka leo. Lakini namna ya kumpokea mtu nilijifunza pale, kati ya lambo na nyumba yetu, nikitembea nyuma ya watu wawili wasiosemezana.

Tulipopita mashineni, mzee aliyekuwa amekaa kizingitini aliinuka akakinga macho jua. "Mama Maganga," aliita, "huyo anayekubebea maji ni nani?"

Mama hakupunguza mwendo.

"Maganga huyu," alisema. "Nilimtuma maji. Amechelewa kidogo."