Funda la Kwanza ni la Mwenye Pombe

Jua limeshachomoza vizuri Kidahwe, mkoani Kigoma. Veneranda Dismasi anachota pombe ya ndizi kwa kata na kumkabidhi Mzee Bonaventura, mteja wake wa siku zote. Mzee anairudisha.

"Tangulia wewe, Mama Esther," anasema. "Au leo umetutilia nini?"

Wenzake wanacheka. Veneranda hacheki.

Ndio utaratibu wa hapa: mwenye pombe huonja kwanza, wanywaji waone haina sumu. Veneranda ni mlokole na hajawahi kumeza pombe. Mlokole anayepika pombe? "Watoto hawashibi pambio," anajibu. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akipiga funda, akilizungusha mdomoni, kisha akilitema nje ya uzio. Alifundishwa hivyo na dada yake Scola, mlokole mwenzake.

Scola alifariki mwaka jana kwa saratani ya mdomo. Msibani watu walinong'ona kwamba alikuwa mlevi wa kujificha. Maneno hayo yanamchoma Veneranda hadi leo.

"Tuliamini ukitema umepona," anasema.

Daktari mmoja mjini Kigoma alimweleza vingine. Bakteria wanaoishi mdomoni huigeuza pombe papo hapo kuwa kemikali iitwayo asetaldehidi, inayoweza kusababisha saratani. Kutema hakuzuii. Daktari hakusema kwa hakika kwamba hiyo ndiyo iliyomuua Scola, lakini alimkataza Veneranda kuonja, maana naye ana kidonda chini ya ulimi kisichopona. Kipande kidogo cha nyama ya kidonda hicho kimechukuliwa kikapimwe. Majibu bado.

Tangu aache kuonja, wateja wanamkimbia. Zamani pipa liliisha siku hiyohiyo na kumwachia faida ya shilingi elfu ishirini. Sasa nusu yake inachacha na kumwagwa.

"Pombe yangu haijaua mnywaji hata mmoja," anasema. "Imemla aliyekuwa anaitema."

Mzee Bonaventura anasikia. Habari hiyo anaijua yote, na jeneza la Scola alilibeba yeye. Lakini mazoea yana tabu. Anaitazama kata, haichukui, anaaga. Inauma kumwona akienda.

Veneranda anaifunika pombe kwa jani la mgomba. Ndizi zinazoiva wiki hii hatazikamua.

"Mungu akiniachia ulimi huu, nitaziuza mbivu sokoni Mwanga," anasema. "Ndizi mtu anaimenya mwenyewe. Haniambii nitangulie."