Mjukuu wa Bucha Asiyekula Nyama

Sokoni walimwita Kinoo, na jina lilimkaa. Kibandani mwake mlikuwa na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mguu, ndoo ya maji, kipande cha ngozi cha kumalizia makali, na kiti kimoja cha mteja ambacho hakupenda mtu akikalie kwa muda mrefu. Alinoa mikasi ya mafundi cherehani na visu vya jikoni, lakini riziki yake hasa ilitoka kwa wauza nyama, maana kisu cha bucha hakikai na makali zaidi ya siku mbili. Hapo ndipo watu walipopata la kusema, kwa kuwa Kinoo mwenyewe nyama hakuigusa.

Hakuigusa tangu ana miaka tisa. Watu hupenda kisa: labda aliona mbuzi akichinjwa, labda aliugua. Hakuna kisa. Siku moja aliisukuma sahani akasema hataki, akachapwa, akasema tena hataki, akalala na njaa siku mbili, na siku ya tatu mama yake akachoka akampa maharage. Mayai alikula, maziwa alikunywa. Nyama na samaki, la. Ukimtaka ajieleze alikujibu, "Sitaki tu," kisha akarudi kwenye jiwe lake.

Sasa tazama mambo ya Mungu: mtu huyo huyo akaja kuolewa na mwana wa bucha. Kijana mmoja, mnene wa mashavu, wenzake wakimwita Mnofu, alileta visu vya duka la mama yake kila Jumatatu, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha akawa analeta visu ambavyo ungeweza kunyolea ndevu. Kinoo akamwambia, "Kaka, hiki nilikinoa jana." Mnofu akasema, "Najua." Mwaka haukuisha wakaoana, wakahamia vyumba viwili nyuma ya bucha.

Mama mkwe, Mama Bucha, alikuwa mjane aliyelea watoto watano kwa shoka na gogo la kukatia nyama. Nasema mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, maana huko mbele utajaribiwa kumchukia. Siku ya harusi alisema mbele ya wageni, "Mkwe wangu hali nyama, sawa, tumbo ni lake." Wakacheka, yakaisha. Tumbo la mjukuu ndilo lililokuja kuleta vita.

Miezi sita ya mwanzo mtoto alinyonya tu, na hapakuwa na la kubishania. Mwezi wa saba Kinoo akajifunga kibwebwe. Alipika uji mzito wenye karanga za kusaga, akaponda dengu na viazi, akaponda parachichi, akachemsha yai akamlisha kwa ncha ya kijiko. Mama Bucha alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Na mchuzi wa mifupa je?"

"Hapana, Mama."

"Kidogo tu, aonje."

"Hapana, Mama."

"Mwanangu, huyu ni mtoto wa bucha. Watu watasema tunauza nyama wasiyokula wajukuu wetu."

"Waache waseme. Midomo ni yao, mtoto ni wangu."

Kinoo aliporudi kazini, mtoto alishinda na bibi yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kila asubuhi aliacha uji katika chupa ya chai na dengu katika bakuli lenye kifuniko. Kila mchana alikuta chupa tupu na bakuli limeoshwa. "Mume wangu amekula," bibi alisema, maana mjukuu wa kiume ni mume, hata akiwa hana meno. Kinoo alishukuru na kumnyonyesha mwanawe.

Lakini mizani ya kliniki haikushukuru. Mwezi wa sita mtoto alikuwa na kilo saba na nusu. Mwezi wa saba, saba na nusu. Mwezi wa nane, saba na nusu, na mstari wa kwenye kadi ukalala kama mgonjwa. Kinoo akazidisha karanga, akaongeza mafuta, akaamka alfajiri kupika upya. Chupa ikarudi tupu vilevile, na mtoto akabaki vilevile, mikono myembamba, macho makubwa. Kinoo aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa hadi siku moja akajikata kidole akinoa kisu cha mkate, kitu ambacho hakijamtokea tangu aanze kazi.

Mama Bucha akamwita dada wa marehemu mumewe, shangazi yake Mnofu, mwanamke mwenye sauti ya kutangaza msiba hata anapoomba chumvi. Wakaketi sebuleni, Mnofu katikati akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mtoto anakondeana," Shangazi alisema. "Mama yake anamlisha majani."

"Dengu si majani, Shangazi."

"Mume wako yuko hapa. Mnofu, sema neno."

Mnofu akasema neno, na neno lenyewe lilikuwa, "Mimi naona... tungoje." Alistahili kupigwa mto, lakini angalau hakuhamia upande wa mama yake.

Ndipo Kinoo, ambaye hajawahi kujieleza kwa mtu, akasimama. "Nipeni mwezi mmoja. Mtoto akila chakula changu mwezi mzima asiongezeke hata kidogo, nitaipika nyama hiyo kwa mikono yangu na nitamlisha mwenyewe. Naapa. Lakini akiongezeka, sitaki kusikia tena habari ya nyama katika nyumba hii."

Mama Bucha akasema, "Nimekubali." Na alikubali upesi mno, jambo ambalo lingemshtua Kinoo kama hasira isingekuwa imempanda.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kinoo alipondaponda, akachuja, akajaribu uji huu na ule. Jioni mtoto alipokuwa naye alikula vizuri, tena akaomba zaidi kwa kupiga kijiko mezani. Ni mchana tu ndipo alipogeuza uso, amelegea, tumbo limejaa. Kinoo alijiambia ni kwa sababu ameshakula kwa bibi.

Siku ya kliniki walikwenda wanawake watatu, maana Shangazi naye alitaka kushuhudia. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimvalisha mtoto ile suruali ya kupimia akamning'iniza kwenye mizani. Sindano ikacheza, ikatulia. Kilo saba na gramu mia tatu. Alikuwa amepungua.

Shangazi akashusha pumzi kwa sauti. Kinoo aliitazama ile sindano mpaka macho yakamuuma. Alikuwa ameapa, na hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Akahisi ladha ya ile sahani aliyoisukuma akiwa na miaka tisa.

Nesi hakuwa na habari ya viapo vya watu. "Nitajieni kila kitu anachoweka mdomoni tangu anapoamka," alisema, akachukua kalamu.

Kinoo akataja. Nesi akaandika, akatikisa kichwa. "Chakula hiki kizuri. Hakina nyama, lakini ni kizuri. Mtoto anayekula hivi hapungui. Mchana nani anamlisha?"

Na hapo Mama Bucha, akijua ameshashinda, akavimba. "Mimi. Na kama mjukuu wangu yuko hai leo, ni kwa sababu yangu. Nampa supu ya mifupa kila siku, tangu mwezi wa saba. Chupa mbili za kunyonya, safi, nimeichuja isiwe na hata chembe ya nyama ya kumpalia."

"Chupa mbili," nesi alisema. "Na uji wa mama yake?"

"Hautaki. Anakuwa ameshiba. Nawapa kuku."

Hata mwanamke aliyekuwa akinyonyesha kwenye benchi akageuza shingo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utafanya nini kikiwa kimebeba mtoto wako na kumpenda kuliko roho yake.

Nesi akavua miwani. Hakugomba. Alikunja ngumi akamwonyesha bibi. "Mama, tumbo lake halizidi hapa. Supu uliyoichuja ni maji yenye harufu ya nyama. Unamjaza maji, kisha chakula chake unawapa kuku. Kuku wako wananenepa?"

"Watano wangu walikunywa supu," Mama Bucha alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ule uji ndio unaomkondesha. Nilikuwa namwokoa."

"Na wewe," nesi akamgeukia Kinoo, "miezi mitatu mtoto hakui, hukuuliza mchana anakula nini?"

Kinoo alijua ni kweli. Aliona vyombo safi, akaridhika. "Sikuuliza," alisema. "Kosa hilo ni langu." Nesi akampa dawa ya kumwongezea mtoto damu, akamwambia mtoto asimalize mlo wa dengu na mboga bila kipande cha chungwa au papai, na yai liwe la kila siku.

Shangazi akakohoa. "Lakini kiapo ni kiapo. Mtoto hakuongezeka."

Kinoo alimbeba mwanawe begani na kumtazama Shangazi bila kupepesa. "Niliapa kama atakula chakula changu asiongezeke. Hajakila. Aliyekila ni kuku. Mwezi wangu unaanza leo."

Mama mkwe alidhani sasa atanyang'anywa mtoto, apelekwe kulelewa kwa jirani. Njia nzima alilia kimyakimya akijifuta kwa ncha ya khanga. Walipofika nyumbani Kinoo aliweka sufuria mekoni, akavuta kigoda.

"Kaa hapa, Mama. Utampikia na utamlisha wewe. Lakini utapika ninavyopika mimi."

Mama Bucha akakaa. Alikoroga muda mrefu kabla ya kuuliza, "Na akikua, akaitaka nyama?"

"Ataiomba mwenyewe, kwa mdomo wake, na nitamwachia. Mimi nilichapwa kwa kusema sitaki. Wangu hatachapwa kwa kusema chochote kuhusu sahani yake."

Mwezi ukapita. Kliniki ilijaa, watoto wanalia, kina mama wanagombania nafasi kwenye benchi. Sindano ilipotulia ilisoma kilo nane kasoro kidogo, na nesi akachora mstari ukapanda. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akachungulia kadi, akayatazama mashavu ya mtoto, akauliza kinachomnenepesha. Kinoo alitaka kujibu, lakini Mama Bucha alikuwa amemtangulia.

"Dengu, yai, uji mzito. Chakula cha mama yake."

"Bila nyama?" mwanamke akashangaa. "Hata supu?"

Mama Bucha, aliyekuja na aproni yake ya dukani kwa kuwa hakutaka kuchelewa, akajishika kiuno. "Bila nyama, bila supu," alisema. "Una neno?"