Dhahabu ya Kweli ya Baba

Baba alikuwa mtu wa Kasai, aliyeletwa Katanga akiwa kijana kufanya kazi ya shaba, akapanda hadi kuwa karani wa bohari huko Panda, mtaa wa Likasi. Mimi nilizaliwa Likasi, na Katanga ilipojitenga na Kongo nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ghafla majirani wakatuita wageni.

Baba hakuziamini noti mpya. Msimamizi mmoja wa Kibelgiji alipokuwa akifungasha kurudi kwao, baba alimpa akiba yake yote, akachukua sarafu za dhahabu za zamani zenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Mama alizishonea ndani ya mto.

"Na kama ni shaba wameipaka dhahabu tu?" aliuliza mara kwa mara.

Nilijua swali hilo lilimkaa baba moyoni.

Nyumba ya jirani yetu, Mkasai mwenzetu, ilipochomwa mchana watu wakitazama, tuliamua kukimbilia kambi ya wakimbizi Lubumbashi, iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Ilibidi kuuza sarafu tupate nauli. Nikamsindikiza baba kwa fundi wa saa, Mgiriki mzee, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa kizuri kuliko chake.

Fundi alifunga mlango. Alizipima moja moja kwenye mizani ndogo, akilinganisha na sarafu yake mwenyewe aliyoitoa kwenye droo. Akapima na unene, kwani bandia yenye uzito uleule lazima iwe nene zaidi. Akazidondosha juu ya kioo. Mlio wake ulikuwa mwembamba, ukakawia kuisha. Mwishoni akasugua ukingo wa kila moja kwenye jiwe jeusi, akatonesha asidi juu ya alama za manjano zilizobaki. Kama zingekuwa shaba, alieleza, alama ingechemka na kufutika. Hakuna hata moja iliyofutika.

"Zote ni za kweli, muzee," alisema kwa Kiswahili.

Baba alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mvua zilipoisha.

"Basi nunua."

Fundi akataja bei. Isingetosha hata kununua mbuzi wawili, ingawa ingetosha nauli yetu. Nilimwuliza kwa Kifaransa kama amekosea.

"Sikukosea, mademoiselle. Miye pia nitakimbia. Kila siku watu wa Kasai wanaleta vitu hapa. Wote mnauza, hakuna wa kununua."

"Umesema mwenyewe ni za kweli," baba akasema.

"Ni za kweli. Bei ni ile."

Baba alizikusanya akatoka bila kuaga. Kama angeendelea kuzitilia shaka, angepokea chochote, nasi tungeondoka sote watatu. Nimelirudia jambo hilo kichwani miaka yote hii na bado sijaona pa kulitua.

Kesho yake tulimpata dereva wa lori la mahindi, mwenyeji wa Kapolowe, kwenye njia ya Lubumbashi. Aligeuza sarafu moja kiganjani, akaiuma, akamrudishia baba.

"Miye sijue zahabu, baba. Nani atanipa mafuta kwa hii? Uko na noti?"

Tulizokuwa nazo hazikutosha. Akaiona cherehani ya mama barazani petu.

"Kwa ile mashini, nabeba bamama wawili."

"Na muzee?" mama akauliza.

"Nitarudi kumuchukua."

Mama alikataa. Baba ndiye aliyeipakia cherehani kwenye lori, kisha akamfungia mama sarafu kwenye pindo la kitenge. "Huko kutakuwa na watu wenye akili," alimwambia. "Usikubali bei ya wizi." Tulimwacha mlangoni, amevaa koti lake la kazini.

Karibu na Kapolowe, vijana wenye minyororo ya baiskeli walisimamisha lori. Sisi tulikuwa chini ya magunia. Tulisikia dereva akipigwa, na hakututaja. Tulipofika kambini dereva, uso wake umevimba, alimwambia mama kwa upole kwamba Likasi harudi tena. Mama hakuweza hata kumlaumu.

Aliugua malaria katika hema letu, na bado alikataa sarafu ziuzwe, kwa ajili ya neno la baba. Nilizichukua akiwa haoni wala hasikii. Mchuuzi mmoja alikata moja kwa tupa hadi katikati, akachungulia ndani.

"Ni za kweli," alisema, akanipa dawa ya kinini na unga wa bukari, ugali wa kwetu.

Mama alipona. Alikuwa ameanza kukaa nje ya hema alipofika mtu wa Panda aliyemfahamu baba. Alitueleza kwamba vijana walikwenda nyumbani kwetu. Kuna watu walikuwa wamemwona baba akitoka kwa fundi wa saa, na vijana hao wakadai dhahabu. Aliwaambia hana. Hawakuamini, wakaendelea kumpiga hadi akanyamaza.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyemzika.

Yule mtu akasema hajui.