Granada ya Rusayl

Walinipa kazi ya kuchagua vituo kwa sababu ndimi niliyesoma chuo kikuu. Tulikuwa tukienda Uhispania, mama, baba na mimi, na nilitaka tukodi gari Madrid tuendeshe wenyewe hadi Malaga. Baba alikuwa na mpango mwingine. Rafiki yake anapeleka kikundi cha watu kwa basi, na kiongozi wao anatembea mbele na kibendera. Nilimwambia baba kwamba mtu mzima hafuati kibendera. Akasema mahujaji hufuata. Nikasema wale wana sababu.

Kila kituo nilikipima kwa swali moja: pasingekuwa na picha zake, tungesimama? Kwa swali hilo nilikata vituo kumi na kimoja vikabaki vitatu, Toledo, Kordoba na Granada. Hata hivyo vitatu vilinitia wasiwasi.

"Hiyo miji miwili ya mwisho haijadiliwi," baba alisema. "Tuliijenga sisi."

"Sisi nani, baba? Babu alikuwa Unguja anauza vitambaa."

"Sisi Waislamu."

"Wewe hata banda la kuku lilikushinda," mama akamwambia, na mjadala wa Andalusi ukaishia hapo.

Tatizo halikuwa historia. Tatizo lilikuwa goti la mama. Alisema hawezi kukaa garini saa nyingi, na rafiki wa baba alitaka jibu siku ile ile kabla ya Isha. Ndipo nikaja na wazo ambalo mpaka leo naliona la kisayansi: tuifanyie safari majaribio hapa hapa Maskati. Mama akivumilia, tunakodi gari. Akikataa kurudi garini popote pale, tunafuata kibendera. Wote wawili wakakubali.

Tukatoka nyumbani Matrah saa tatu asubuhi. Mama alikaa mbele na chupa ya kahawa miguuni, baba nyuma na simu mkononi akihesabu dakika. Toledo niliiweka Mawaleh, pale lilipokuwa soko la mboga kabla halijahamishwa. Lakini Mawaleh si mbali, kwa hiyo ili itimie saa moja na robo ya kutoka Madrid hadi Toledo ilibidi nizunguke.

"Ule msikiti nnauona mara ya tatu," mama alisema.

"Uhispania barabara zinafanana, mama."

"Zinafanana na Mawaleh?"

Tuliposhuka alitizama huku na huku. "Toledo yako imefungwa," akasema, akarudi garini kabla sijawasha kipima muda changu. Kordoba, kwenye kituo cha mafuta, hakushuka kabisa. Aliteremsha kioo, akapandisha. "Nshaiona."

Granada niliiweka Rusayl, katikati ya viwanda, kwa sababu moja tu: maegesho ni rahisi. Kulikuwa na kibanda cha chai ya maziwa na viti vya plastiki, na wafanyakazi walikuwa mapumzikoni. Mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya kazi alikuwa akizungumza Kiswahili kwenye simu, kwa sauti. Mama akafungua mlango gari halijasimama vizuri.

Alikuwa mtu wa Mombasa. Mama alivuta kiti akakaa kitako.

"Binti yangu anasema hapa ni Granada," akamwambia.

"Haki ya Mungu?" yule mwanamke akasema. "Mimi napanga masanduku Granada mwaka wa tatu, na hakuna mtu ameniambia!"

Walicheka mpaka wenzake wakageuka. Baada ya hapo wakaulizana watu, mitaa, bei ya samaki kwao, nani aliolewa na nani. Kituo nilikuwa nimekipa dakika ishirini. Zilipopita nilikohoa. Zilipofika thelathini na tano nikamwendea.

"Mama, twende."

"Siendi. Goti limepumzika."

Baba akanitizama kwa huruma ya mshindi, akatafuta namba ya rafiki yake. "Amekataa kurudi garini. Ulisema mwenyewe."

"Amesema goti limepumzika!"

"Amesema siendi."

Nilisimama pale nikijiona nyuma ya kibendera, saa mbili asubuhi, na kifungua kinywa cha hoteli tumboni. Kengele ya kiwanda ikalia. Yule mwanamke akamkumbatia mama, akakimbilia kazini kwake. Mama akainuka bila kushika meza, na kikombe chake mkononi.

"Unampigia nani?" akamuuliza baba.

"Wa basi."

"Mwambie hatwendi naye. Basi litanisubiri mie nimalize maneno yangu?" Akanigeukia. "Na wewe, lete hiyo orodha yako. Futa. Njiani ukiona watu wamekaa wanakunywa chai, simamisha gari."

"Vyote nifute, mama? Kila kimoja nna sababu yake."

"Sababu zako nimezishukia leo, nimeziona."

Nikatoa simu. Nikafuta Toledo, nikafuta Kordoba. Granada nikaiacha, kwa kuwa hapo baba alikuwa ameanza kuchungulia begani kwangu.