Wapagazi wa Chuo Chetu

Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi wa mtaa wa Mtendeni, huku kwetu bara, na hapakuwa na habari nyingine ila mpira. Jumamosi timu ya chuo chetu cha ualimu ilishinda, lakini wageni kutoka pwani walituzomea mchezo mzima: "Wapagazi! Wapagazi!" Sasa mashabiki walitaka timu ipewe jina la kishindo. Mmoja alisema Simba, mwingine Radi.

"Mimi nataka Wapagazi," akasema mwalimu kijana aliyekuwa akingoja zamu yake.

Mzee aliyekuwa kitini, povu likiwa bado kwenye shavu moja, akauzuia mkono wa kinyozi. "Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Bega lake lilikuwa na sugu mpaka tunamzika. Unataka kumfanyia mzaha, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Wao wanadhani ni tusi. Mimi nataka wajue kwamba hao ndio baba zetu, na hatuwaonei haya."

Mzee akashika bega lake mwenyewe. Kisha akasema, "Basi msilitamke kwa kunong'ona kama wezi. Hebu semeni nisikie."

Tulisema. Akatikisa kichwa, hajaridhika. Tulisema tena, kwa sauti iliyowatoa watu madukani, naye akasimama na povu lake, akapaza sauti kutushinda sote.

Jina limepita. Anayetaka kututukana sasa itabidi atafute neno jingine, maana kwa hilo tutamshangilia.