Sharti la Betri Mbili

Verlene aliendesha basi la shule mpaka nywele zikawa pamba, kisha akahamia ndani ya gari lake lililo nyumba, jangwani Arizona, miongoni mwa wastaafu wenzake waliokimbia theluji. Marehemu mumewe alimwachia gari hilo, birika la kahawa, na betri mbili za kuhifadhi umeme wa jua, zilizozibwa pande zote. Joleen, binti yake, alimkubalia kwa sharti moja: siku betri zitakapomfia, gari litauzwa, naye atahamia chumba cha nyuma kule Ohio.

Januari ile mawingu yakaja, yakagoma kuondoka. Paneli za sola juu ya paa zikabaki zinakodolea macho anga la kijivu.

"Bibi wee, chomeka waya kwangu!" jirani yake Hoyt alipaza sauti juu ya ngurumo ya jenereta lake. "Au unangoja jua likuombe radhi?"

"Nangoja hilo kopo lako lipasuke, masikio yangu yapumzike!"

Mchana mmoja Joleen akafika kutoka Ohio, akaingia bila hodi. Alimkuta mama yake amejiviringisha blanketi, ndani kiza, feni ya hita kimya.

"Basi, mama. Zimekufa. Tulikubaliana."

"Nani kakwambia zimekufa?"

"Taa ziko wapi?"

Verlene akanyoosha mkono, akabonyeza swichi. Mwanga ukamwagika juu ya meza, juu ya sahani ya maharage yaliyopoa. Akauzima tena.

"Nimezizima mimi. Hizi ukizinyonya kupita nusu, zinadhoofika, hazirudi tena kama zamani. Afadhali baridi inile mimi."

Joleen akatua chaja nzito ya gereji aliyoinunua njiani. "Basi tuichomeke kwenye jenereta la jirani, tuzijaze fasta."

"Thubutu! Zimezibwa, hazina pa kuongezea maji. Ukizijaza fasta zinachemka, na maji yakitoka yametoka. Zinataka polepole, mpaka zishibe."

"Mama, una miaka sabini na tisa!"

"Sharti lilikuwa la betri. Miaka hukuitaja."

Nje, wingu lilikuwa limechanika, na mstari wa jua ukatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyao. Verlene alishauona. Akalitupa blanketi, akachukua ufagio, akatoka, akaegemeza ngazi kwenye gari na kuanza kupanda, aondoe vumbi, azielekeze paneli kusini.

Joleen akakimbia kumdaka miguu.

"Shika ngazi," mama yake akasema bila kugeuka. "Mimi niache."

Joleen akashika ngazi.