Kila Kalasinga ni Fundi

Baba alihamia London na imani mbili zisizotikisika: kwamba wali bila nazi ni chakula cha mgonjwa, na kwamba kila Kalasinga ni fundi. Kule Unguja gari lake lilitengenezwa na Kalasinga, makabati yake yakachongwa na Kalasinga. Kwa hiyo alipomwona kijana wa jirani yetu pale Hayes, kilemba chekundu, ameinamia buti la gari huku nyaya zimemzunguka, alimshukuru Mungu.

Kijana mwenyewe alikuwa mpiga muziki wa harusi, ule wa Kipunjabi uliokuwa umeanza kuchanganywa na rap, na mle butini alikuwa akifunga spika. Mtaa mzima ulijua, maana kila Jumamosi madirisha yalitetemeka. Baba alishikilia kwamba ni injini inajaribiwa.

Siku ya harusi yangu gari la Baba liligoma. Ukumbi ulikuwa Barking, ng'ambo ya pili ya London, na wanawake walishakaa wakingoja bibi harusi nitolewe mbele yao. Nikalia kwa hasira, wanja ukateremka mashavuni. Baba akambishia hodi jirani.

Kijana akaja, akafunua boneti, akachungulia kwa adabu. "Anko, hii siiwezi. Lakini nina gari langu."

"Kalasinga gani wewe?" Baba akamuuliza.

Lisilo budi hutendwa, tukapanda. Gari lilipowaka, na muziki ukawaka. Ngoma ikanigonga mgongoni.

"Zima hiyo!" Baba akaamuru.

"Nyaya nilizifunga mwenyewe, Anko. Nikizima muziki, gari nalo linazima."

Bibi harusi wa kwetu huinamisha macho na kutulia tuli. Macho niliyainamisha. Mabega ndiyo yaliyonishinda. Tulipofika Wembley yalikuwa yakiruka yenyewe, na machozi nimeshayasahau. Nikatazama mbele. Bega la kushoto la Baba nalo lilikuwa limeanza, taratibu, kama la mtu anayejikuna. Nilimpenda sana siku ile.

Pale Barking shangazi yangu alitoka mbio mlangoni, vigelegele nyuma yake.

"Kaka! Wewe usiyetaka hata taarabu nyumbani kwako, unaniletea bibi harusi na makelele gani haya?"

Baba akashuka, akaweka kofia yake sawa.

"Injini hiyo," akasema, bega bado linacheza. "Kaifunga Kalasinga."